Kumfunga punda mkokoteni bila kumchubua: mwongozo kamili wa matandiko, mzigo na barabara

Kidonda cha begani kinapakwa dawa, kinakauka, punda anarudishwa kazini, na baada ya siku chache kimefunguka tena. Mwenye punda analaumu dawa, au anasema punda huyu ana ngozi laini. Ngozi haina tatizo. Kilichomchubua ni kamba, na kamba hiyo bado iko kwenye mkokoteni.

Mwongozo huu ni wa mkokoteni wa magurudumu mawili unaovutwa na punda mmoja. Wanaobebesha mgongoni, kama ilivyo Lamu, watapata faida kwenye sehemu za kipimo, tandiko na tiba ya kidonda.

## Vinavyohitajika

Tayarisha vyote kabla hujaanza kukata chochote.

- Mkanda bapa wa turubai au pamba, upana wa sentimita 8 hadi 10, mita 6. Mikanda ya siti za magari makuukuu inafaa sana, ila mmoja ni mwembamba. Shona miwili sambamba.
- Blanketi kuukuu la pamba au sufu, la kuwekwa upande unaogusa ngozi.
- Gunia la katani kwa ajili ya kushona mito miwili ya tandiko, na vipande vya blanketi au majani makavu laini ya kujazia.
- Pete sita za chuma zenye kipenyo cha sentimita 4 au 5, na bizimu nne.
- Kamba mbili imara au minyororo miwili myepesi ya kuvutia.
- Ubao mgumu wa sentimita 50 hadi 60 wenye tundu katikati na pete kila ncha. Huu tutauita ubao wa mizani.
- Hatamu ya kamba laini.
- Utepe wa kupimia, chaki, na stika za kuakisi mwanga, nyekundu na nyeupe.

Kushona mpe fundi viatu. Uzi wa nguo utakatika wiki ya kwanza, na mkanda ukikatika kwenye mteremko mkokoteni unampanda punda miguuni.

Sasa vya kuepuka. Mpira wa tyubu hauachi jasho kutoka. Ngozi inalowa, inalainika, inachubuka. Vipande vya tairi ni vibaya zaidi kwa sababu ndani yake mna nyuzi za chuma zinazochomoza mpira unapochakaa, na huzioni mpaka zimekata. Gunia la sandarusi linakwaruza. Kamba ya nailoni, hata uivike kitambaa, ni nyembamba, na uzito wote wa kuvuta unaishia kwenye mstari wa kidole kimoja.

Na nira ya ng'ombe iache kabisa. Ng'ombe ana nundu na shingo nene ya kusukumia. Punda hana, nguvu zake ziko kifuani, na ukimwekea nira inakaa juu ya mfupa.

## Kwanza: punda huyu anafaa kufanya kazi leo?

Mtazame akiwa amesimama, kisha mtembeze hatua ishirini. Anayechechemea, mwenye kidonda mahali mkanda utakapogusa, anayekohoa, au aliyekataa chakula asubuhi, hafungwi. Inua kila ukwato utoe mawe na tope.

Punda aliye chini ya miaka mitatu mifupa yake haijakomaa. Usimfunge mkokoteni hata kama umbo lake ni kubwa. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, na miezi mitatu ya mwisho aondolewe kwenye mizigo mizito.

Mpe maji kabla ya kumfunga. Punda huvumilia kiu kimyakimya, na uvumilivu huo humdanganya mwenye kumtumia akadhani hana haja ya maji.

## Hatua ya 1: Pima kifua, upate uzito

Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya viwiko vya mbele, upande hadi mgongoni nyuma ya mabega. Punda wengi wana mstari mweusi wa uti wa mgongo unaokatwa na mwingine mabegani na kufanya msalaba. Utepe upite nyuma kidogo ya msalaba huo. Soma kipimo anapotoa pumzi.

Kwa punda wa kazi aliyekomaa, makadirio ni haya:

- Sentimita 105: takriban kilo 104
- Sentimita 110: takriban kilo 117
- Sentimita 115: takriban kilo 132
- Sentimita 120: takriban kilo 148
- Sentimita 125: takriban kilo 165

Andika namba hiyo mahali. Utaihitaji kwenye mzigo, na daktari wa mifugo ataihitaji kwenye dawa ya minyoo. Rudia kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu punda akikonda mikanda yote inakaa vibaya.

## Hatua ya 2: Mkanda wa kifua

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo usiharakishe.

Simama mbele ya punda. Papasa upande wa mbele wa bega mpaka upate mfupa unaojitokeza: hiyo ni ncha ya bega. Itie alama ya chaki pande zote mbili. Kisha papasa shingo kwa chini mpaka uguse koo la hewa, uone linapoingia kifuani. Mkanda unakaa kati ya alama hizo: juu ya ncha za mabega, chini ya koo.

Ukipanda juu zaidi, unabana pumzi. Punda atavuta hatua chache na kusimama, ataitwa mkaidi na kupigwa, na kumbe anakosa hewa. Ukishuka chini zaidi, unakaa juu ya kiungo cha bega. Kila anapotupa mguu mbele mkanda unamsugua, na hicho ndicho kidonda kisichopona.

Urefu wake: pima kutoka nyuma ya bega moja, pitia kifuani, hadi nyuma ya bega la pili, kisha ongeza sentimita 10 kila upande. Nyongeza hiyo ina kazi maalumu. Pete ya chuma inayoshikana na kamba ya kuvutia inatakiwa iwe nyuma ya bega, kwenye mbavu, isiguse mfupa unaocheza.

Blanketi la ndani lishonwe bila mkunjo na lizidi mkanda kwa sentimita mbili juu na chini. Pitisha kidole kwenye mshono wote. Fundo la uzi ukilisikia kwa kidole, punda atalisikia kwa kilo zote anazovuta.

Mkanda huu unashikiliwa na mwingine mwepesi unaopita juu ya shingo, mbele ya msalaba. Huo haubebi mzigo, kazi yake ni kuzuia mkanda wa kifua usishuke. Uwekee bizimu upande mmoja ili uweze kuupandisha au kuushusha.

Ukifaulu utaona hivi: punda akisimama, kiganja chako kilichonyooka kinapita kati ya mkanda na kifua bila kulazimisha. Akivuta, mkanda unalala bapa, haupindi ukingo, na anapumua bila sauti ya mkwaruzo.

## Hatua ya 3: Tandiko na mshipi wa tumbo

Tandiko linabeba uzito wa mikono ya mkokoteni, yaani nguzo mbili za mbele zinazopita ubavuni mwa punda. Shona mito miwili, kila mmoja urefu wa sentimita 35 hadi 40 na upana wa 12 hadi 15, uijaze mpaka ukiikandamiza ibaki na unene wa sentimita 4 au zaidi. Iunganishe kwa mikanda miwili ili katikati ibaki nafasi ya sentimita 6 hadi 8.

Nafasi hiyo ndiyo tandiko lenyewe. Uti wa mgongo usiguswe na kitu chochote, si kitambaa, si kamba. Lilaze tandiko halafu inama utazame kutoka nyuma: uone mwanga ukipita juu ya uti, mwanzo hadi mwisho. Usipouona, ongeza ujazo. Blanketi moja lililokunjwa na kutupwa mgongoni haliwezi kuchukua nafasi ya mito hii, kwa sababu linakandamiza uti ule ule.

Tandiko likae nyuma ya msalaba, juu ya mbavu, lisifike kiunoni. Kwa wabeba mizigo mgongoni, kanuni ni hiyo hiyo, shogi (vikapu vya mizigo vinavyoning'inia ubavuni) ziwe na uzito sawa pande zote mbili, na jumla isizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Punda wa kilo 132 abebe kilo 44, na tandiko limo ndani ya hesabu hiyo.

Mshipi wa tumbo upite upana wa kiganja nyuma ya kiwiko. Ukisogea mbele utachubua kwapa. Ubane mpaka vidole viwili vilivyolala vipite kwa shida kidogo, mtembeze hatua kumi, kisha uangalie tena. Punda wengi hujaza tumbo wanapofungwa mara ya kwanza.

## Hatua ya 4: Mkanda wa nyuma

Mikokoteni mingi haina mkanda huu. Matokeo yake, kwenye mteremko mkokoteni unamgonga punda matakoni na miguuni, anaogopa, anakimbia, na dereva anavuta hatamu kwa nguvu zote. Mkanda wa nyuma ndio breki yake, na ukinunua kifaa kimoja tu mwaka huu, nunua huu.

Unazunguka nyuma ya mapaja, kama nusu ya njia kati ya shina la mkia na kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma. Ukikaa juu sana unapanda chini ya mkia na kumchubua. Ukikaa chini sana unamkata hatua, na mteremkoni unaweza kumwangusha. Ncha zake zinafungwa kwenye mikono ya mkokoteni, na unaning'inizwa kwa mkanda mwembamba unaopita juu ya kiuno.

Punda anapovuta, ngumi yako ipite kati ya mkanda na paja. Mkokoteni unaposukuma, mkanda umguse kabla ubao wa mbele haujamfikia.

## Hatua ya 5: Kumwingiza mkokotenini

Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Punda awe na hatamu wakati wote, na mtu mmoja amshike. Usimtie waya au chuma cha kujitengenezea mdomoni. Kinakata ulimi na pembe za mdomo, na punda mwenye maumivu mdomoni hali vizuri.

Fuata mpangilio huu:

1. Leta mkokoteni kutoka nyuma yake, mikono ikiwa imeinuliwa. Ukimrudisha yeye kinyumenyume kuelekea chuma asichokiona, atajigonga.
2. Pitisha mikono ya mkokoteni kwenye vitanzi vilivyo pande mbili za tandiko.
3. Funga kamba za kuvutia kwenye ubao wa mizani.
4. Funga mkanda wa nyuma.
5. Malizia kwa mkanda wa chini unaozuia mikono ya mkokoteni isiruke juu. Uuache legevu kidogo.

Ubao wa mizani umefungwa kwa bolti moja katikati, mbele ya ekseli, na unacheza. Bega la kulia likienda mbele, ubao unageuka pamoja nalo, kisha la kushoto. Ukifunga kamba moja kwa moja kwenye chuma cha mkokoteni, mkanda wa kifua unabaki palepale huku mabega yakitembea chini yake, na msuguano huo unaendelea kila hatua siku nzima. Watu hubadilisha mikanda mara tatu na vidonda vinarudi, kwa kukosa ubao huu wa gharama ndogo.

Kamba ziwe na urefu wa kuacha nusu mita au zaidi kati ya matako na ubao wa mbele. Zikikazwa, mstari kutoka kifuani hadi kwenye ubao unyooke, ukishuka kidogo kuelekea nyuma.

## Hatua ya 6: Mzigo

Kanuni ya kawaida kwa barabara tambarare na ngumu: mkokoteni, mzigo na watu, jumla isizidi mara mbili ya uzito wa punda.

Chukua punda wa kilo 132. Mara mbili ni 264. Mkokoteni wa chuma wa kilo 80 ukitolewa, zinabaki 184. Mtungi wa lita 20 uliojaa, pamoja na chombo chake, ni kama kilo 21. Basi ni mitungi minane, na dereva anatembea kwa miguu. Kwenye mchanga, tope au mlima, punguza nusu. Matairi laini nayo yanaongeza uzito wa kuvuta bila kuongeza hata lita moja ya maji, kwa hiyo yajaze upepo kila asubuhi.

Jinsi mzigo unavyolingana juu ya mkokoteni ni muhimu sawa na uzito wake. Panga vizito chini na juu ya ekseli. Ukishapakia, shika ncha za mikono uinue: iwe nyepesi kiasi cha kuinuliwa kwa mkono mmoja, lakini isipande yenyewe. Mzigo ukiwa mbele mno, kilo zote zinamlalia mgongoni. Ukiwa nyuma mno, mikono inaruka na mkanda wa chini unamkata tumbo.

Pakia wakati magurudumu yana mawe, na punda akiwa amefungwa tayari uwepo wa mtu wa kumshika ni lazima.

## Hatua ya 7: Barabarani

Kenya na Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo mkokoteni ukae kushoto, na anayeongoza atembee kulia kwa punda, kati yake na magari. Punda akishtushwa na honi hukimbilia mbali na mtu, yaani kuelekea ukingo wa barabara na si katikati ya lami. Burundi, Rwanda na Kongo, ambako magari hupita kulia, geuza.

Rangi ya kijivu ya punda na rangi ya lami jioni ni kitu kimoja kwa macho ya dereva wa lori. Bandika stika nyekundu nyuma kwenye kona zote mbili za mkokoteni, nyeupe mbele, na nyingine kwenye mkanda wa nyuma. Mchana zifute vumbi kwa kitambaa. Stika yenye tope haiakisi chochote. Baada ya giza usitoke bila taa.

Hakuna mtu wa kukaa juu ya mikono ya mkokoteni. Ndipo watu wanapoangukia na kupitiwa na gurudumu.

Mpumzishe dakika kumi kila saa, kivulini, na maji. Akisimama ghafla, usimchape. Angalia mambo manne: mkanda umepanda kooni? jiwe kwenye ukwato? kamba imejipinda? tairi limeishiwa upepo? Mara nyingi jibu limo humo.

## Hatua ya 8: Kufungua, na kusoma jasho

Weka mawe kwanza. Fungua kwa mpangilio wa kinyume: mkanda wa chini, mkanda wa nyuma, kamba za kuvutia, kisha mikono. Usivue hatamu punda akiwa bado ndani ya mkokoteni.

Sasa vua tandiko na mkanda wa kifua, usimfute kwanza. Tazama. Alama ya jasho chini ya tandiko iwe mabaka mawili yaliyolowa sawasawa, na mstari mkavu kwenye uti katikati yao. Ukiona sehemu kavu yenye ukubwa wa sarafu katikati ya unyevu, hapo pamebanwa kiasi kwamba hata jasho halikutoka. Siku za baridi, soma vumbi na nywele: zilizolala kinyume au kukatika zinaonyesha pa msuguano. Nywele nyeupe zilizoota mahali pa mkanda ni alama ya mgandamizo wa zamani.

Baada ya dakika ishirini au thelathini rudi, upitishe kiganja taratibu. Uvimbe mara nyingi hujitokeza baada ya mkanda kutoka. Ukisikia joto, au akiitikisa ngozi na kukwepa, kesho hafungwi mpaka urekebishe tandiko.

Futa matandiko kwa kitambaa chenye maji uondoe chumvi ya jasho, yaanike kivulini. Chumvi ikikauka kwenye blanketi inasugua kama msasa.

## Kidonda kikishatokea

Punda apumzike. Hakuna dawa inayofanya kazi chini ya mkanda.

Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa lita moja. Yamwage mengi, yasombe uchafu, usisugue. Usipake oili chafu ya gari, mafuta ya taa, maji ya betri wala dawa ya kufulia nguo. Vyote vinaua nyama mpya inayoota. Nzi wazuie kwa kumweka mahali pasafi na kumkagua mara mbili kwa siku.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema: kukata tundu kwenye mto wa tandiko ili kidonda kisiguswe. Kingo za tundu hilo zinachukua mgandamizo wote na kufanya duara jipya la vidonda.

Mwite daktari wa mifugo kidonda kikifika mfupani, kikinuka, kikitoa usaha, au kama punda hajawahi kuchanjwa pepopunda. Punda hushikwa nayo kwa urahisi, na akishakakamaa ni vigumu kumwokoa.

## Makubaliano ya kituo

Mwenye punda mmoja akipunguza mitungi peke yake, mteja anahamia kwa jirani anayepakia zaidi. Kwa hiyo idadi ipangwe na kituo kizima cha mikokoteni, si na mtu mmoja. Kaeni wote, pimeni punda wote kwa utepe, mkubaliane idadi ya juu ya mitungi kwa safari na bei yake, muiandike kwenye ubao mahali wateja wanapopakia. Nunueni pamoja mikanda miwili ya akiba ya kifua, ili aliyekatikiwa asifunge kamba ya nailoni "kwa leo tu". Ombeni serikali ya mtaa au chifu kivuli na birika la maji sokoni. Ombi la kikundi lenye majina na namba za simu husikilizwa kuliko la mmoja.

Sheria ipo. Kenya kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayohesabu kumzidishia mnyama mzigo, kumpiga kikatili na kumfanyisha kazi akiwa hafai kuwa makosa. Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lamu, shirika la kutunza punda la The Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki ya punda tangu miaka ya 1980.

Wizi nao ni suala la kikundi. Biashara ya ngozi za punda ilipandisha bei na kuamsha wezi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Hata hivyo punda analala nyumbani kwako, si Addis Ababa. Pigeni picha za kila punda pande zote mbili, pamoja na msalaba wa mgongoni na makovu, mzihifadhi kwenye simu za watu watatu wa kikundi.

Ukimkuta anayefanyisha kazi punda mwenye kidonda kibichi, anza na mkanda wa akiba na saa moja ya kumwonyesha ncha ya bega iko wapi. Akikataa na kuendelea, peleka kwa afisa mifugo wa kata picha ya kidonda, picha ya mkokoteni mzima na mzigo wake, mahali, tarehe na saa.